Jiwe Moja na Meli Nzima

Mimi si mtu wa safari. Nianze na hilo, usije ukanidhania mwingine. Nachingwea inanitosha. Nina mikorosho yangu michache, nina kiti changu barazani, na nina majirani wa kutosha kugombana nao mpaka uzee uishe. Binti yangu aliyeolewa Ruangwa husema nikitaka kwenda sokoni tu naaga kama ninayekwenda Hija. Anasema kwa kunicheka, lakini uongo hajasema. Alipojifungua ndipo nikatoka, na hata hapo nilibeba mto wangu wa kulalia, maana mito ya watu siiamini.

Nyuma ya nyumba yake yupo fundi wa kuchomelea, mtu wa magrili na mageti. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa uani naanika nepi za mjukuu, mara jicho likaangukia kiwanjani kwake. Katikati ya nondo na vipande vya bati palikuwa na duara zito la chuma, kubwa kama sinia dogo, limeegemezwa ukutani. Limekula kutu, ila upande mmoja fundi alikwisha kuanza kulisugua. Beseni la nepi likanitoka mkononi. Nikaenda nikapitisha kidole kwenye ukingo wa ndani, polepole, mpaka nikafika penye pengo, hapo bawaba ilipovunjika ikaacha ncha mbili kali. Halafu nikashika sikio langu la kushoto, ambalo nalo lina pengo. Mapengo mawili hayo yalikuwa yanafahamiana.

"Mama, usikiguse hicho, kitakuchafua," fundi akaniambia. Mtu wa makamo, miwani yake myeusi kaipandisha kwenye paji la uso.

Nikamuuliza kimetoka wapi.

"Chakavu tu, mama. Kilikuja na lori kutoka pwani. Nakifanya fremu ya kioo cha saluni."

"Hili ni dirisha la meli."

"Lilikuwa," akasema. "Sasa ni kioo."

"Liliwahi kunishika kichwa."

Akanitazama kwa adabu, kama watu wanavyomtazama mama mkwe wa jirani. "Basi saluni ndiyo mahali pake, mama. Litaendelea kushika vichwa."

Wasaidizi wake wakacheka, nami ningecheka kama mambo yangeishia hapo. Lakini nikauliza meli yenyewe iko wapi. Akanieleza bila kuficha neno, kama mtu anayeeleza mbuzi alivyochinjwa: ilikatwa yote kwa gesi, vipande kwa vipande, ikapakiwa, ikaondoka. Haikubaki hata msumari. Nikauliza ruhusa alitoa nani. Fundi akashusha miwani yake machoni.

"Mama yangu, mimi nanunua kwa kilo. Ruhusa haipimwi kwa kilo."

Niliporudi uani nepi zimejaa udongo, binti yangu ananiuliza nimepatwa na nini, nikasema jua. Lakini wewe nitakwambia ukweli, maana una subira kuliko yeye.

Nilikuwa na miaka kama tisa. Nilikuwa nakaa kwa bibi yangu, mzaa mama, shambani Chiola. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha kuazima. Kimwera ndicho kilichokuwa chake, na akikasirika alirudi nyumbani kwenye lugha yake akatuacha nje. Shughuli niliyoipenda kwake ni kukaanga korosho. Alikuwa na karai bovu, limetobolewa matundu, analiweka nyuma ya nyumba mahali upepo unapopeleka moshi kwa watu wengine. Korosho zikipata moto zinatoa jasho kwanza. Halafu zinatema mafuta meusi, halafu zinashika moto zote kwa pamoja, puuu, na bibi anarukia na mchanga kuuzima. Zikipoa ni vijiwe vyeusi vyenye vitobo vitobo, huwezi kuamini kuna kitu cha kuliwa humo. Unaweka moja juu ya jiwe, unagonga kwa jiwe lingine, ganda linapasuka, na ndani kuna kitu cheupe kama jino la mtoto. Ukigonga kwa pupa unapata unga. Ukila kabla ya kufuta mikono, midomo inababuka wiki nzima. Bibi alisema korosho haina haraka, mwenye haraka ndiye anayeungua. Mimi niliungua kila msimu.

Mara moja kwa mwaka, ufuta ukishavunwa, bibi alikwenda pwani, upande wa Lindi, kumwona mdogo wake aliyeolewa huko na kurudi na chumvi na samaki wakavu. Mwaka huo akaamua kunichukua. Tulikwenda naye mimi pamoja na jirani yetu, mama mmoja wa Kimakonde, mtani wa bibi. Watani hao walikuwa wakitukanana tangu jogoo mpaka magharibi na siku wasipotukanana tulijua mmoja anaumwa. Tulipanda juu ya magunia ya ufuta kwenye lori, tumebeba ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwenye jani, na nilitapika mpaka jirani akamwambia bibi kwamba mtoto huyu amefundishwa kulima hata akiwa safarini, anapanda ming'oko njia nzima.

Bahari nilipoiona mara ya kwanza nilimuuliza bibi inalimwa na nani. Sikionei aibu kisa hiki. Kitu kikubwa namna ile, kimesafishwa, hakina kisiki hata kimoja, mtoto wa Chiola angeuliza nini kingine?

Kesho yake asubuhi, maji yalipokuwa yamekimbia mbali, mdogo wake bibi akatuonyesha njia ya kwenda kwenye ufukwe wa mawe meusi. Ni mwendo wa saa nzima kwa mguu kutoka kijijini kwake. Huko hakuna mchanga mweupe wa kwenye kalenda. Ni vijiwe vyeusi tupu, vya kila ukubwa, vitobo vitobo, vyepesi, vinakoroma chini ya nyayo ukivikanyaga. Na katikati yake imelala meli. Imelalia ubavu kama ng'ombe mgonjwa, kutu juu mpaka chini, na madirisha yake ya duara yanakutazama.

Lakini sikuitazama meli. Nilitazama chini, maana vile vijiwe nilivijua. Zilikuwa korosho. Korosho zilizoungua, nyingi kuliko zote za Nachingwea na Ruangwa zikichanganywa, na hakuna mtu anayezila. Nikachuchumaa, nikaweka moja juu ya nyingine, nikagonga. Ikapasuka. Ndani nyeusi. Nikajaribu nyingine. Nyeusi. Nilipofika ya saba au ya nane nikasikia jirani nyuma yangu anamwambia bibi kwa sauti ya kujikaza asicheke, "Shoga, mjukuu wako anabangua ufukwe."

Bibi hakucheka. Akaniambia sikukosea. Ni korosho kweli, ila hazina wa kuzila, na sababu ni hii. Zamani meli ile ilikuja kupakia korosho za watu wetu, ikashiba mpaka shingoni. Ilipokuwa inataka kuondoka, mwanamke mzee akasogea ukingoni akaomba fumba moja, la mkono mmoja tu, akatafune. Nahodha akamwambia korosho zile si za kugawa. Mwanamke akasema, basi zikaange mwenyewe. Akaondoka zake. Kabla meli haijageuka, korosho zikaanza kutoa jasho, zikatema mafuta, zikashika moto zote kwa pamoja. Meli ikalala pale pale, na mzigo wake ukamwagika ufukweni, umeungua, mpaka leo. Kwa hiyo mahali pale watu huleta, hawachukui. Anayefika mara ya kwanza huja na fumba la korosho kutoka shambani kwao, huliweka juu ya chuma cha meli, na husema, tumeleta, hatukuja kuchukua. Ukichukua hata kijiwe kimoja umechukua chakula ambacho mwanamke yule alinyimwa.

Bibi alifungua pindo la kanga yake akatoa korosho za msimu uliopita, alizokuwa amezificha kwenye kibuyu hata mimi nisizione, na uficho wa kunizidi mimi haukuwa mdogo. Akanipa fumba nikaweke. Nikaweka, nikasema maneno. Na hapo ningetulia, historia ya sikio langu ingekuwa nyingine.

Sikutulia. Nilitaka kuona ndani ya meli kama kuna korosho nzima zilizobaki. Dirisha moja lilikuwa chini, usawa wa kifua changu, bawaba yake imevunjika. Nikaingiza kichwa. Kichwa kiliingia kama kinakwenda kwao. Kutoka ndipo kikakataa. Nywele zilikuwa zimesukwa mabutu, kila butu likageuka kabari, na sikio likakwama kwenye zile ncha. Nikapiga kelele ndani ya chombo cha chuma, na chombo kikanirudishia kelele zangu mara tatu, nikadhani ni nahodha.

Bibi alimimina mafuta ya ufuta kichwani kwangu, chupa nzima aliyokuwa amempelekea mdogo wake. Jirani akanishika miguu. Wakavuta, wakapumzika, wakavuta. Katika mapumziko jirani alimshauri bibi: "Tuache kichwa kibaki, turudi na mwili. Shamba linalimwa na mwili." Bibi akamjibu kwamba kwa Wamakonde ni kawaida, kwa Wamwera kichwa bado kinatumika. Walikuwa wanataniana juu ya mgongo wangu huku mimi nalia, na mpaka leo sijui kama niliwahi kupendwa zaidi ya pale. Kichwa kilipotoka, kipande cha sikio kilibaki. Kwa hesabu yangu mimi ndiye mtu pekee aliyeiachia meli ile nyama.

Labda ndiyo maana nilijihesabia haki. Wao wakiwa wanafunga sikio kwa kitambaa, mimi nikaokota vijiwe viwili. Kimoja nikakitia mfukoni mwa gauni. Kingine, kidogo, nikakizamisha ndani ya kile kitambaa, nyuma ya sikio. Usiniulize akili ile niliitoa wapi. Nilikuwa nimetoka kwenye meli, si ajabu niliambukizwa unahodha.

Keshokutwa yake lori la kurudi lilikuwa linapakia. Ilikuwa lazima tulipande, maana huko Marambo binamu yangu alikuwa mwali, na siku iliyofuata ndiyo siku ya kutoka unyagoni. Bibi ndiye aliyemwingiza, na mtoto wa kike akitoka humtafuta kwanza kwa macho huyo aliyemwingiza. Tumekwisha kupanda, magunia yamefungwa, nikainama kupokea maji ya kunywa, na kijiwe kikaanguka kutoka mfukoni, kikagonga ubavu wa lori, kikalala chini mbele ya watu wote.

Bibi alikitazama. Hakunipiga, hakunifokea. Alishuka, akaniteremsha, akamwambia dereva aende. Jirani akasema, "Shoga, mwali." Bibi akasema amesikia. Jirani alikwenda na lori ili ngoma isikose hata sura moja ya nyumbani, na sisi tukashika njia, saa nzima, jua la utosi. Tulipofika bibi akakaa juu ya gogo, mbali kidogo, akasema maneno mawili ambayo sijapata kuyasahau.

"Rudisha ulipolitoa."

Lakini pale ni wapi? Vijiwe ni maelfu, vyote vyeusi, vyote ndugu. Nikazunguka na changu mkononi, nikijaribu hapa, nikijaribu pale, na kila nikikiweka bibi ananiuliza kama ndipo. Mwisho nikala kiapo mahali nisipopajua. Akakubali. Na muda wote huo kile kidogo kilikuwa nyuma ya sikio langu, kinanikereketa kidonda, na sikusema.

Tulipata gari siku mbili baadaye. Marambo ngoma zilikwisha nyamaza, wali wa unyago wametoka, wamepakwa mafuta, wameshonewa nguo, binamu yangu alikuwa amekwisha kulia na kunyamaza. Watu walimsema sana bibi. Nyakanga mwenyewe, mkuu wa unyago, alimsema. Bibi alijibu kwamba gari lilimwacha. Hakutaja jiwe, hakunitaja mimi, wala siku ile wala siku nyingine mpaka tulipomzika.

Sasa unielewe ninapokasirika. Mwanamke yule alipoteza siku kubwa ya mjukuu wake kwa ajili ya kijiwe kimoja cha ukubwa wa yai la kanga. Na hawa wamebeba meli nzima, mchana kweupe, na lori lao halikuangusha kitu mbele ya mtu yeyote akashuka. Hapakuwa na bibi hata mmoja wa kusema shusha? Nani aliulizwa? Watu wa pale waliokuwa wakipeleka wageni kuweka korosho, watoto wao, wajukuu zao, waliulizwa? Ningepata jibu, hata jibu bovu, ningegombana nalo nikalala. Kinachoniudhi ni kwamba hakuna hata wa kugombana naye. Fundi ananunua kwa kilo. Mwenye lori alipakia alichokuta kimekatwa. Aliyekata alitumwa. Ukiwauliza wote unakuta meli imejikata yenyewe.

Na kile kijiwe cha pili? Nilikuwa nacho. Kidato cha pili mwalimu wetu wa jiografia aliuliza nani amewahi kuona jiwe la volkano, akalieleza: jeusi, jepesi, lina vitobo. Nikanyoosha mkono nikasema, mwalimu, bibi yangu alisema hiyo ni korosho ya meli. Darasa lilianguka kwa kicheko. Mpaka namaliza shule jina langu lilikuwa Korosho, na yupo mzee mmoja hapa sokoni bado ananiita hivyo. Kwa hasira nikakileta kijiwe kesho yake. Mwalimu alikitia kwenye bakuli la maji, kikaelea, na darasa likanyamaza. Akasema mawe kama hayo huzaliwa milima inapotapika moto, na mengine husafiri baharini mwaka hata miaka kabla ya kupata ufukwe. Halafu akanirudishia akasema bibi yako hakukosea sana, kweli liliungua, na kweli lilikuja kwa maji. Nilimpenda mwalimu yule kwa neno hilo. Lakini hata yeye sikumwambia nilivyolipata.

Na tangu hapo, ndugu yangu, nasema huku natazama pembeni, kijiwe hicho nimekuwa nikisugulia visigino. Hakuna jiwe la dukani linaloligusa. Nina visigino laini kuliko mwanamke yeyote wa rika langu Nachingwea nzima, nasifiwa harusini, naulizwa siri, nasema ni asili ya familia.

Kwa hiyo usiku ule Ruangwa hasira yangu ilipochoka na wengine ikanigeukia mimi. Mkataji wa kwanza wa meli ile ana visigino laini.

Nilirudi nyumbani, nikatoa kijiwe kwenye sahani ya sabuni, nikachukua mafumba mawili ya korosho za shamba langu, na nikafanya jambo lililomtisha binti yangu kuliko uchungu wa uzazi: nikasafiri kwa hiari. Alinipigia simu mara nne njiani kuuliza kama ninaumwa. Barabara siku hizi ni lami, ming'oko inauzwa stendi kwenye mifuko ya nailoni, nilinunua, haikuwa na ladha ya jani. Nilimlalamikia muuzaji. Akasema, "Mama, basi lete jani." Vijana wa siku hizi wanajibu.

Kwa mdogo wake bibi hakuna tena nyumba. Bodaboda akanifikisha mpaka karibu. Nilipoona upeo wa maji nilianza kutafuta ule ubavu wa kutu, najua haupo, natafuta tu. Mahali pake palikuwa na shimo refu, lina maji ya chumvi yaliyotuama, na kando yake vijiwe vimepakwa rangi ya kutu kama damu ya kuchinja. Pembeni lori limeegeshwa. Watu watatu wanapakia vijiwe vyeusi kwa koleo. Nikamuuliza mmoja vinakwenda wapi. Akasema kwenye bustani za watu, mjini, vinapendeza pembeni mwa maua.

Nilisimama pale na kijiwe changu kimoja mfukoni. Nimekuja safari ya siku nzima kurudisha kijiwe kisichofika hata yai la kanga, na mbele yangu koleo linachota mia kwa mkupuo mmoja. Nikajiambia, Korosho, wewe ni mjinga kuliko ulivyokuwa kidato cha pili. Lakini nimeshafika. Nikasogea kwenye doa la kutu, nikatoa kijiwe mfukoni, nikakiangalia mara ya mwisho.

"Wewe mama!"

Alikuwa mlinzi. Mtu wa umri wangu, amekaa kwenye kiti cha plastiki, ana rungu na redio ndogo. Akainuka akaja mpaka karibu, akatazama mkono wangu.

"Mawe ya hapa hayachukuliwi, yana mwenyewe," akasema. "Rudisha ulipolitoa."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya miaka zaidi ya arobaini, yamepangwa vizuri, yanasubiri mtu wa kuambiwa, na Mungu alikuwa ameniletea mtu huyo akiwa na rungu. Nikasikia sauti yangu inasema, "Sawa, baba." Nikageuka, nikaanza kutafuta mahali. Nikajaribu hapa, nikajaribu pale. Mlinzi ananitazama. Mwisho nikakiweka pembeni mwa shimo, na akaniuliza, kwa ukali lakini si kwa ubaya, kama ndipo. Nikaapa kwamba ndipo.

Nikafungua pindo la kanga, nikamwaga fumba moja la korosho juu ya doa la kutu, chuma chenyewe hakipo. Nikasema, tumeleta, hatukuja kuchukua. Uongo mtupu kwa upande wangu, lakini ndivyo yanavyosemwa. Mlinzi akazitazama korosho zile. Halafu akakohoa.

"Mama, hizo zilizobaki kwenye pindo ni za wapi?"

"Za kwetu. Nachingwea."

"Basi nipe kidogo nitafune. Tangu asubuhi nipo hapa."

Niliudhika mpaka masikio yakawasha, zima na bovu. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, najua lilivyokaa, najua hata sauti ambayo lingetoka nayo: hizi si za kugawa. Lilinigonga meno nikalisikia ni la nani. Nikalimeza. Nikampa fumba lote, la mikono miwili, na akashukuru vizuri, akarudi kwenye kiti chake na redio yake, anatafuna anatazama lori likijaa.

Nilipokuwa naondoka hata lile la kwenye doa sikuligeukia kulitazama. Huenda alilila nalo. Shauri yake na mwanamke mzee.

Kwa hiyo meli hakuna. Karai la bibi hakuna, mtani wake naye alishatangulia, na pale Chiola mikorosho yake inapuliziwa dawa na watu nisiowajua. Dirisha langu lipo saluni Ruangwa, wanawake wanajitazama ndani yake wakisukwa. Binti yangu ameniambia linapendeza sana na ameniomba niende nisukwe. Nimemwambia kichwa changu pale kilishaingia mara moja, kinatosha. Nimerudi kwenye kiti changu barazani na bado nina hasira, na sikusudii kuiacha, maana nikiiacha mimi sijui ataishika nani.

Visigino vimeanza kupasuka. Acha vipasuke.